Kuchunguza, kugawa kwa kura, au kuiachia mashine: njia ipi ya data inafaa swali lako?

Mtu akiuliza "data zinasemaje kuhusu simu na usingizi?" huwa ameuliza maswali matatu kwa pumzi moja. La kwanza: ni watu wangapi wanaolala na simu mkononi, na wanalala saa ngapi? La pili: nikijua unavyotumia simu, naweza kubashiri kwamba leo utalala vibaya? La tatu: ukiiacha simu chumba kingine usiku huu, utalala vizuri zaidi? Yanafanana kama mapacha, ila kila moja lina njia yake. Makosa mengi ninayokutana nayo katika makala za afya na masuala ya jamii yanatokana na kulijibu la tatu kwa zana za la pili.

Jogoo anatosha kuonyesha tofauti. Akiwika, kunakucha, kama kazi yako ni kubashiri alfajiri, jogoo ni kipimo kizuri. Lakini mchinje jioni, bado kutakucha. Data za kuwika na za kuchomoza kwa jua zitaonyesha uwiano mkubwa kuliko utakaoupata kwenye utafiti wowote wa afya, na hazitakuambia lolote kuhusu kitakachotokea ukimwondoa jogoo.

Kwa hiyo sizipangi njia hizi kutoka mbovu hadi bora. Nazilinganisha kwa swali zinaloliweza, kwa namna zinavyokosea, na kwa jasho zinalodai. Swali la simu na usingizi litatufuata, pamoja na lingine la kliniki: je, kuwatumia wagonjwa ujumbe wa kuwakumbusha miadi kunapunguza wanaokosa kufika?

Kuhesabu tu

Watu huidharau njia hii kwa kuwa haina mbwembwe. Hata hivyo maswali mengi ya kila siku yanaishia hapa: wagonjwa wangapi hawatokei siku ya miadi, watoto wangapi hawarudi kwa chanjo ya pili, wanafunzi wangapi wanaacha shule kabla ya kumaliza. Kujumlisha kila mtu anajua. Kinachosumbua ni umegawa kwa idadi ipi, na nani hakuhesabiwa.

Hilo la pili ndilo huumbua wakubwa. Mwaka 1936 jarida moja la Marekani lilituma karatasi za maoni milioni 10 kabla ya uchaguzi wa rais, likarudishiwa takribani milioni 2.4, likatangaza kwamba Alf Landon angeshinda kwa asilimia 57. Franklin Roosevelt akashinda kwa takribani asilimia 61. Majina mengi yalichukuliwa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, wakati wa msukosuko wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na waliozitupa.

Watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu wanakupa jibu lenye kosa la takribani alama tatu za asilimia juu au chini. Watu 100 wanakupa kosa la kama alama kumi. Ukitaka kulipunguza kosa hilo kwa nusu, ongeza watu mara nne. Dodoso la mtandaoni lililojazwa na watu laki moja waliojitokeza wenyewe halina hesabu hiyo hata kidogo. Ni umati tu.

Kuchunguza bila kugusa

Hapa unakusanya data za watu kama wanavyoishi, bila kumbadilishia mtu chochote, kisha unalinganisha. Tuseme wanaotumia simu kitandani wanaonekana kulala saa chache kuliko wasiotumia. Huenda simu ndiyo chanzo. Huenda pia mwenye mawazo mengi hapati usingizi, na kwa kuwa hapati usingizi ndiyo maana anashika simu. Au ni kazi ya zamu za usiku, inayovuruga usingizi na wakati huohuo kumwacha mtu macho saa ambazo simu ndiyo mwenzake pekee. Kitu cha tatu kinasukuma vyote viwili.

Dawa yake ni kulinganisha wanaofanana: wa zamu kwa wa zamu, kijana kwa kijana, mwenye sonona kwa mwenye sonona. Rigresheni, mbinu ya hesabu inayotajwa sana kwenye tafiti, ukiivua lugha yake ya kutisha, ndiyo kazi hiyo inayofanya. Mfano ninaoupenda ni wa vijiwe vya figo, uliochapishwa Uingereza mwaka 1986. Upasuaji wa wazi ulifaulu kwa wagonjwa 273 kati ya 350, yaani asilimia 78. Njia ya kupitisha kifaa kwenye tundu dogo la ngozi ilifaulu kwa 289 kati ya 350, asilimia 83. Ungechagua ipi? Sasa wagawe wagonjwa kwa ukubwa wa kijiwe. Kwa vijiwe vidogo upasuaji ulifaulu kwa asilimia 93, tundu 87. Kwa vikubwa upasuaji 73, tundu 69. Upasuaji umeshinda kote kuwili, halafu umeshindwa kwenye jumla.

Si kiinimacho. Wagonjwa 263 kati ya wale 350 wa upasuaji walikuwa na vijiwe vikubwa, dhidi ya 80 tu upande wa pili, na kijiwe kikubwa ni kigumu kwa njia yoyote ile. Jumla ililinganisha wagonjwa wagumu na wagonjwa wepesi. Tuliligundua hilo kwa sababu ukubwa wa kijiwe uliandikwa kwenye faili. Usingeandikwa, asilimia 83 ingebaki ikitamba, na hakuna programu ya kompyuta ambayo ingetuokoa. Huo ndio mpaka wa njia hii: inarekebisha ulichopima tu.

Je, basi tuitupe? Hapana, kwa sababu ya sigara. Hakuna aliyewapangia watu kwa kura nani avute na nani asivute. Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza mwaka 1951, wanaume 34,439, na ufuatiliaji ukaendelea kwa miaka 50. Waliovuta maisha yao yote walikufa takribani miaka 10 mapema kwa wastani kuliko wasiovuta. Walioacha wakiwa na umri wa miaka 30 walijiokolea karibu muda huo wote, na walioacha wakiwa na 60 wakapata kama miaka mitatu. Ronald Fisher, bingwa wa takwimu na mvutaji mwenyewe, alipinga akisema huenda ni urithi wa mwilini unaomfanya mtu apende sigara na pia apate saratani. Jerome Cornfield na wenzake wakamjibu mwaka 1959 kwa hesabu fupi: kama wavutaji wana hatari mara tisa, basi hicho kitu cha urithi lazima kiwe kimeenea angalau mara tisa zaidi kwa wavutaji kuliko kwa wasiovuta. Nani amewahi kukiona kitu cha namna hiyo?

Hoja ya Cornfield ndiyo ninayoitumia kila ninaposoma habari za afya. Tofauti ikiwa ya mara tano au tisa, kitu fiche cha kuieleza lazima kiwe kikubwa mno, na kingeshaonekana. Tofauti ikiwa ya asilimia 20 au 30, mambo mengi madogo yanaweza kuitengeneza: kipato, mazoezi, kupenda kwenda hospitali mapema. Nyingi ya habari za "chakula hiki kinapunguza ugonjwa ule" ziko kwenye kundi hili la pili. Nazipokea kama fununu.

Homoni za wanawake waliokoma hedhi zilitoa somo hilo kwa gharama kubwa. Kwa miaka mingi tafiti za uchunguzi, ukiwemo ule mkubwa wa wauguzi wa Marekani ulioanza mwaka 1976, zilionyesha kwamba wanaotumia homoni wanapata magonjwa machache ya moyo. Kisha likaja jaribio la kura la wanawake 16,608, ambapo bahati ndiyo iliyoamua nani apewe homoni. Mwaka 2002 likasimamishwa kabla ya wakati: kati ya wanawake 10,000 kwa mwaka, waliopewa homoni mbili kwa pamoja walipata matukio 37 ya ugonjwa wa moyo, na wasiopewa 30. Wengi wakahitimisha kwamba uchunguzi umedanganya. Nadhani hitimisho hilo ni la haraka mno. Wauguzi wengi walianza homoni karibu na ukomo wa hedhi. Kwenye jaribio wastani wa umri ulikuwa miaka 63. Sehemu ya tofauti ilikuwa kitu fiche, na sehemu ilikuwa kwamba tafiti mbili ziliuliza maswali mawili tofauti kwa jina moja.

Kugawa kwa kura

Ukitupa sarafu ili kuamua nani apate ujumbe wa kukumbushwa na nani asipate, sarafu haijui nani ana kipato, nani ana nidhamu, nani anakaa mbali na kliniki. Makundi yakiwa makubwa ya kutosha, yatafanana kwa yote uliyoyapima na yote usiyoyapima. Nguvu yote ya jaribio la nasibu iko hapo. Hesabu ya mwisho inaweza kufanywa na mwanafunzi wa sekondari.

Mwaka 1948 Waingereza walichapisha jaribio la streptomaisini dhidi ya kifua kikuu. Dawa ilikuwa haba, haikutosha wote, kwa hiyo kura haikumnyima mtu haki ambayo angeipata. Baada ya miezi sita, kati ya 55 waliopewa dawa walikufa wanne. Kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu walikufa 14. Wagonjwa 107 kwa jumla, na jibu likabadilisha tiba.

Kinachonishangaza zaidi ni jaribio la chanjo ya polio la Marekani mwaka 1954. Katika sehemu iliyogawiwa kwa kura, watoto kama laki mbili walipata chanjo na idadi kama hiyo wakachomwa sindano isiyo na dawa. Polio ikawapata 28 kati ya kila laki moja kwa waliochanjwa, na 71 kwa waliopata sindano tupu. Ila kulikuwa na kundi la tatu: watoto ambao wazazi wao walikataa kushiriki. Hao walipata 46 kwa laki. Hebu tulia hapo kidogo. Watoto wasiochanjwa wa waliokataa waliugua kidogo kuliko watoto wasiochanjwa wa waliokubali. Wazazi waliokubali walielekea kuwa na uwezo zaidi, na watoto wa nyumba safi walikutana na virusi wakiwa wamekua, kinga ya mama imeshaisha mwilini. Watoto wa nyumba duni walikutana navyo wakiwa wachanga, wakajijengea kinga bila kupooza. Anayelinganisha waliochanjwa na waliokataa angeona chanjo inapunguza polio kwa kama asilimia 40. Kura ilionyesha ni kama 60. Kitu fiche hakitii hisia zetu. Tungetarajia umaskini uongeze ugonjwa.

Udhaifu wa njia hii unajulikana. Sigara huwezi kuigawa kwa kura, talaka huwezi, utoto wa shida huwezi. Wanaokubali kushiriki huenda si mfano wa wengine. Jaribio la wiki nane halisemi lolote kuhusu miaka nane. Tena si kila swali la kliniki ndogo linaweza kusubiri bodi ya maadili na bajeti.

Udhaifu mwingine ni wa watu wenyewe: jibu la jumla likishapatikana, hawatulii, wanaanza kuchimba vikundi. Mwaka 1988 jaribio la wagonjwa 17,187 wenye dalili za mshtuko wa moyo lilionyesha wazi kwamba aspirini inaokoa maisha. Walipotakiwa waonyeshe matokeo kwa vikundi vidogovidogo, watafiti wakaongeza kikundi chao kwa makusudi: nyota za kuzaliwa. Waliozaliwa kwenye nyota ya Mapacha na ya Mizani wakaonekana aspirini inawadhuru kidogo. Ni utani wenye hesabu nyuma yake. Ukipima vikundi 20 ambavyo kwa kweli havina tofauti yoyote, kwa kipimo cha kawaida cha asilimia tano, yaani kinachokubali kudanganywa na bahati mara moja kati ya 20, uwezekano wa angalau kimoja kukudanganya ni kama asilimia 64.

Kura iliyojipiga yenyewe

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Huwezi kugawa watu kwa kura, lakini wakati mwingine maisha yamewagawa kwa namna inayokaribia kura: mpaka wa wilaya, tarehe ya kuanza kwa sheria, orodha ya kusubiri, umri wa kustahili mafao.

Daktari John Snow hutajwa kwa ramani yake ya vifo vya kipindupindu kuzunguka kisima cha Broad Street, London, mwaka 1854. Ramani ni nzuri, ila kazi yake nzito zaidi ya mwaka huohuo ni nyingine. Kusini mwa London kampuni mbili za maji zilikuwa na mabomba kwenye mitaa ileile. Moja, Lambeth, ilikuwa imehamishia mdomo wa kuvuta maji juu ya mto mwaka 1852, mbali na majitaka ya mji. Nyingine, Southwark and Vauxhall, iliendelea kuvuta maji machafu. Nyumba jirani, matajiri na maskini, zilichanganyika bila kujua. Snow akazunguka akiuliza kila palipotokea kifo, maji yenu ya nani? Kwenye nyumba 40,046 za Southwark and Vauxhall kulikuwa na vifo 1,263 vya kipindupindu, sawa na 315 kwa kila nyumba 10,000. Kwenye nyumba 26,107 za Lambeth, vifo 98, sawa na 37. Hakuhitaji darubini wala kujua bakteria. Alihitaji mahali ambapo ugawaji haukufuata utajiri wala usafi wa mtu, na miguu ya kutembea.

Mfano wa karibuni ni wa jimbo la Oregon, Marekani. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ilikuwa na nafasi chache za bima ya afya kwa watu wa kipato cha chini, wakajiandikisha takribani 90,000, ikabidi ipigwe bahati nasibu. Watafiti wakaiona lulu. Baada ya kama miaka miwili, bima ilikuwa imepunguza sonona na karibu kufuta gharama za matibabu za kufilisi, lakini hapakuonekana badiliko la uhakika kwenye shinikizo la damu wala kolesteroli. Na wale waliodhani bima ingepunguza msongamano wa vyumba vya dharura walishtuka: waliopata bima walikwenda huko kwa asilimia 40 zaidi.

Tatizo lake ni kwamba kura hizi hujitokeza pale zinapotaka, si pale swali lako lilipo. Kwa simu na usingizi unaweza kutafuta siku mtandao ulipokatika eneo moja na si jingine. Na kila mara lazima ujiulize kama kweli ugawaji ulikuwa wa bahati. Mtu anayehamia upande mmoja wa mpaka ili apate huduma ameshaiharibu kura.

Kuiachia mashine

Ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta kujifunza kubashiri kutokana na data za zamani, ni jogoo wa daraja la juu. Mpe rekodi za miaka mitano za kliniki na atakuambia, kwa usahihi unaoshangaza, nani hatatokea Jumanne ijayo. Kwa kazi hiyo simpingi hata kidogo: kupanga vitanda, kukadiria dawa za mwezi ujao, kusoma picha za eksirei kwa haraka na kuweka mbele zinazotia shaka.

Anakosea namna tatu, na zote zimeshatokea hadharani. Kwanza, dunia inabadilika, yeye habadiliki. Mwaka 2008 Google ilizindua mfumo wa kukadiria mafua kwa kutazama watu wanatafuta nini mtandaoni. Maneno yake yaliteuliwa kutoka milioni 50 ya utafutaji, na njiani yakajitokeza maneno ya mpira wa kikapu wa shule za sekondari, kwa kuwa msimu wake ndio msimu wa mafua. Kuanzia Agosti 2011 ulizidisha makadirio kwa wiki 100 kati ya 108. Mwaka 2015 ukafungwa.

Pili, anabashiri ulichompa, si ulichokusudia. Mwaka 2019 watafiti walichunguza algoriti, yaani kanuni ya kompyuta, iliyotumiwa na hospitali za Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Ilifundishwa kubashiri gharama za matibabu, kana kwamba gharama ni ugonjwa. Wamarekani weusi walitumiwa pesa kidogo kwa ugonjwa uleule, kwa hiyo walionekana wazima kuliko walivyo. Kurekebisha kosa hilo kungepandisha sehemu yao kati ya waliochaguliwa kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Modeli ilibashiri gharama vizuri sana. Hapo ndipo ubaya ulipo: hakuna kipimo cha usahihi ambacho kingeligundua.

Tatu, neno "sahihi" linateleza. Tuseme ugonjwa unampata mtu mmoja kati ya 100, mashine inawanasa wagonjwa 90 kati ya 100, na inawaachia wazima 95 kati ya 100. Pima watu 10,000. Wagonjwa ni 100, imewanasa 90. Wazima ni 9,900, imewatia shaka 495. Kati ya 585 walioambiwa "una ugonjwa", wanaoumwa ni 90, kama asilimia 15. Mashine haijadanganya, msomaji ndiye aliyedhani kwamba 95 ni jibu la swali lake.

Kwa kliniki yetu kuna mtego mwingine. Mashine imekutajia wagonjwa 50 walio hatarini zaidi kukosa miadi, nawe unawatumia hao ujumbe. Lakini aliye hatarini zaidi si lazima awe ndiye atakayesaidika. Huenda hana nauli, na ujumbe haumfikishi. Mwenye hatari ya kati, msahaulifu tu, ndiye ujumbe ungemtoa nyumbani. Kujua nani anasaidika ni swali la tatu tena, na linarudi kwenye kura.

Kujipima mwenyewe

Fupi, ila usiipuuze. Kwa usingizi wako wewe, jaribio la watu 10,000 linakupa wastani, nawe si wastani. Tupa sarafu kila jioni kwa wiki nne: kichwa, simu inalala sebuleni, mwenge, inalala nawe. Asubuhi andika saa ulizolala kabla ya kufanya lolote. Kosa kubwa la wanaojipima ni kuanza tiba siku mambo yalipoharibika zaidi. Baada ya wiki mbaya kuliko zote, wiki inayofuata itakuwa nafuu hata ukinywa maji matupu. Francis Galton alilieleza jambo hili mwaka 1886 kwa urefu wa wazazi na watoto, kwamba watoto wa wazazi warefu sana huelekea kurudi karibu na wastani, na bado linauza virutubisho mpaka leo. Sarafu inakulinda na hilo. Haikulindi na matarajio yako, maana unajua simu iko wapi.

Kwa wenye haraka:

| Njia | Swali inaloliweza | Inapokosea zaidi | Jasho |
|---|---|---|---|
| Kuhesabu | Wangapi? | Waliokosekana kwenye orodha | Dogo, kama sampuli ipo |
| Kuchunguza | Nini kinaambatana na nini. Sababu, kwa tofauti kubwa tu | Kitu fiche kisichopimwa | La kati |
| Kura | Nikifanya hivi, itakuwaje? | Washiriki si mfano wa wengine. Muda mfupi | Kubwa |
| Kura iliyojipiga | Hilohilo, kwa yasiyogawika | Ugawaji haukuwa wa bahati kweli | Kuitafuta ndiyo kazi |
| Mashine | Nani, lini? | Lengo lisilo sahihi. Dunia ikibadilika | Data nyingi |
| Kujipima | Kwangu mimi? | Matarajio, kuanza siku mbaya | Wiki chache |

Uchague ipi

Anza na kitendo, si na data. Jiulize, nikipata jibu nitafanya nini tofauti? Kama utapanga tu rasilimali, kubashiri kunatosha, nenda kwa mashine, au hata kwa wastani wa mwaka jana, ambao mara nyingi haushindwi kwa mbali. Jaribu wastani kwanza. Nimeona modeli za kifahari zikizidiwa nao. Kama utabadilisha kitu kwenye maisha ya watu, unahitaji sababu. Hapo tafuta kura. Ukiikosa, tafuta iliyojipiga. Ukikosa zote, chunguza, halafu jipime kwa hoja ya Cornfield.

Kwa simu na usingizi: usisome utafiti wa kumi na moja wa uchunguzi. Sarafu na daftari vinakutosha.

Kwa kliniki: ujumbe ni rahisi, hauna madhara makubwa, na kama wafanyakazi hawawezi kuwapigia wote, kura haimdhulumu mtu. Wengi hugawa kwa namba ya kadi, witiri wapate na shufwa wasipate. Ni afadhali kuliko kuchagua kwa macho, ila karani akishaijua kanuni atamhurumia mama fulani na kumwandikia kadi ya witiri. Acha kompyuta ipige kura baada ya kadi kuandikwa. Amua mapema kwamba utahesabu kitu kimoja, waliofika siku ya miadi, na muda wake, tuseme miezi mitatu. Kisha wahesabu wote kwenye kundi walikoangukia, hata waliobadilisha namba ya simu na ujumbe haukuwafikia. Ukiwaondoa hao, unabaki na watu wa makazi ya kudumu upande mmoja na mchanganyiko upande wa pili, na umerudi kwenye vijiwe vya figo.